Vitu vya Mama na Kifua Changu

Kama unakohoa na unaogopa kwenda kupimwa, au kama kwenu kuna mzazi asiyeweza kuachana hata na kopo tupu, huenda haya niliyoyapitia yatakufaa. Mimi nilikuwa na mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Mimi si daktari, na sitajaribu kueleza ugonjwa unaingiaje mwilini. Nitaeleza nilivyoishi nao.

Nilianza kukohoa wakati mtama unavunwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimerudi kukaa kwa mama pale Itigi pamoja na binti yangu Neema, ambaye alikuwa na miaka mitatu. Mume wangu alikuwa amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Morogoro. Baba alishafariki. Enzi zake alikuwa kibarua wa njia ya reli, na alituachia tembe la vyumba vitatu, lenye paa la udongo, mwendo wa robo saa kutoka stesheni.

Nasema vyumba vitatu kwa mazoea tu. Kimoja kilijaa hadi kwenye boriti, na mlango wake ulikuwa haufunguki tena. Cha pili kilikuwa na kijia katikati, cha kupitisha mtu akienda ubavu ubavu. Cha tatu ndicho tulicholala sisi watatu. Kulikuwa na makopo ya maziwa, chupa ambazo abiria walizitupa kupitia madirisha ya treni, magunia ya katani yaliyotoboka, mizinga ya nyuki iliyopasuka, mitungi isiyo na shingo, taa za kandili zisizo na vioo, misumari ya reli iliyopinda, viatu vya mguu mmoja mmoja, na vitambaa, vitambaa, vitambaa. Tundu la dirisha lilikuwepo kwenye hicho tulicholala, lakini tangu utoto wangu lilizibwa na magunia mawili ya matambara. Humo ndani mchana na usiku vilifanana.

Mama alitembea kando ya reli kila asubuhi treni ikishapita, kikapu kichwani, macho chini. Alirudi na chochote. Ukimwuliza cha nini, alijibu kwa upole kabisa, "Kitatufaa siku tusiyoijua." Watu wa stesheni walimwita Mama Makopo. Walimpenda, ila walicheka. Nilipokuwa msichana niliona haya kumleta rafiki nyumbani, na dada yangu Salome aliolewa mapema, nadhani, ili apate chumba chenye nafasi ya kunyoosha mikono. Alikwenda kukaa Mkiwa, pale njia panda, akawa anawauzia wasafiri karanga na mayai ya kuchemsha.

Kikohozi kilikuja polepole. Kwanza nilisema ni vumbi la kupepeta. Halafu jioni mwili ukawa unapata joto, joto laini, si la kunilaza, kama la mtu aliyekaa karibu na moto muda mrefu. Nilikaa nje nimeegemea ukuta na kuitazama nyika ikibadilika rangi, nikasikia vitu vya mbali kuliko kawaida: mbuzi wa upande wa pili wa reli, mwanamke anayetwanga, treni ikiwa bado haijaonekana. Nilipenda saa ile. Sikujua kwamba ndiyo homa yenyewe. Pete ya ndoa ilianguka kidoleni nikiosha sufuria. Mifupa ya mabega ikajitokeza. Siku zangu zikakatika, na nikajua si mimba. Kisha asubuhi moja nikakohoa kwenye kanga, nikaona damu.

Nilimficha mama kwa siku mbili. Siku ya tatu alinikamata mkono mlangoni.

"Lena," akasema, "nimeiona kanga."

"Ni koo tu, mama."

"Koo halitoi damu ya namna ile. Vaa twende zahanati."

Wenzangu mnaokohoa, mtu akiwakamata mkono namna hiyo, msibishane naye. Siku mbili zile nilizoficha nililala pua kwa pua na mwanangu.

Benchi la zahanati lilikuwa refu, na nilivyozidi kukohoa likazidi kuwa refu, maana watu walisogea. Tabibu aliniandikia barua, nami nikapanda treni kwenda hospitali Manyoni nikiwa na mama, Neema mgongoni kwake. Huko walichukua makohozi kwenye kikopo, wakanipiga picha ya kifua. Mganga alisema maneno machache: kifua kikuu, sindano kila siku kwa miezi miwili hapa wodini, halafu vidonge mwaka mzima na zaidi bila kukatisha. Neema walimsikiliza kifua, wakasema kwa sasa yu salama, asilale na mimi. Mama akageuka naye kurudi Itigi. Nilimwomba ampeleke mtoto kwa Salome, Mkiwa, kwenye nyumba yenye hewa. Alinitazama kama niliyemwambia amtupe.

"Huyu anakaa kwangu," akasema. Kwenye lango la hospitali nilimwona akiinama kuokota kifuniko cha chupa, mtoto akiwa mgongoni.

Wodi ya kifua ilikuwa peke yake nyuma, na baraza ndefu upande wa mashariki. Asubuhi wauguzi walitusaidia kuvuta vitanda nje, tukalala juani kama nafaka iliyoanikwa. Ulikuwa msimu wa baridi na upepo mkavu. Sindano zilichomwa upande huu leo, upande ule kesho, mpaka hakukuwa na upande wa kukalia. Kwenye sindano ya ishirini na kitu masikio yakaanza kuvuma. Yalivuma bila kukoma, sauti ndogo nyembamba. Nikisimama, sakafu ilinisogea. Nilitembea nimeshika ukuta, na watu walipozungumza nami midomo yao ilitangulia, maneno yakafuata baadaye. Wiki zile nazikumbuka kama usingizi wenye mwanga mwingi. Nilikuwa mgonjwa sana, na sijawahi kutulia vile.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mwanamke wa Rungwa, Mama Hadija. Mumewe alikuwa mrina asali, na alipokuja kumtazama alileta kibuyu kilichozibwa kwa nta. Mama Hadija alinilambisha kwenye kijiti. Siku moja nilimweleza habari za vitu vya mama. Hakucheka.

"Sisi tukirina," akasema, "hatuchukui masega yote. Ukiwapokonya nyuki kila kitu, wanahama."

"Mama yangu hana wa kumpokonya."

"Haya. Mimi nimesema la nyuki tu."

Alihamishwa wodi kabla sijatoka, na sikupata habari zake tena. Aliniachia kile kibuyu kikiwa na asali nusu.

Katikati ya miezi ile miwili bwana afya wa Itigi alikwenda kuitazama nyumba yetu, kama walivyofanya kwa kila mgonjwa anayekaribia kuruhusiwa. Aliandika kwamba mgonjwa wa kifua hawezi kurudi humo. Habari zikamfikia Salome. Dada yangu ni mtu wa vitendo. Alikuja na mumewe siku ambayo mama na Neema walikuwa shambani wakivuna viazi vitamu, wakatoa vitu vyote vya chumba cha tatu, kile tulicholala, wakavirundika uani na kuvitia moto. Waliziba pua kwa vitambaa, walifagia, walimwaga maji. Dirisha wakalifungua.

Salome alipanda treni kuja kuniambia. Aliketi kwenye baraza ya wodi, nyusi zake zimeungua kidogo.

"Nimekutengenezea pa kulala," akasema.

"Mama amesema nini?"

Akatazama mikono yake. "Alirudi jioni. Alitua kikapu. Alisimama pale mpaka moto ukazimika. Hakusema kitu, Lena. Nilimwita mara tatu. Mtoto alikuwa anamwuliza bibi, bibi, naye hajibu."

Nilimwambia Salome alifanya vizuri. Nilikuwa naumwa, nilitaka kupona, nilitaka mwanangu apate hewa. Lakini mama hakuja kunitazama tena. Kila siku ya wageni niliangalia njia ya lango, na wiki tano zikapita.

Niliporuhusiwa, mwezi wa Septemba, nilishuka stesheni Itigi nikiwa na kopo la vidonge na kadi, nimeongezeka uzito, mashavu yamerudi. Nilipofika nyumbani, harufu ya majivu ilinipokea. Mama aliitikia shikamoo yangu, akanishika uso kwa mikono miwili, akanitazama pande zote. Kisha akanipeleka ndani. Nyumba ilikuwa imejaa kuliko nilivyoiacha. Kwa wiki zile zote alikuwa akichekecha majivu kwa ungo, akitoa makopo yaliyoungua, vioo vilivyoyeyuka, misumari, vitasa. Na juu ya hivyo alikuwa ameleta vingine vipya, mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dirisha lilikuwa limezibwa tena, safari hii kwa matofali ya udongo.

Ndipo nikamwona Neema. Alikuwa amekaa katikati ya makopo, mikono yake myeusi, shingo imekuwa nyembamba. Akaniita mama, kisha akakohoa.

Sijui kama kuna sauti nyingine ninayoikumbuka vile. Masikio yangu yalikuwa bado yanavuma, lakini kile kikohozi nilikisikia sawasawa.

Nilimpeleka kesho yake zahanati, tukakaa kwenye lile benchi. Baadaye Manyoni, benchi jingine. Walisema na yeye ameanza, ila mapema, atapona kwa vidonge. Vidonge vilikuwa vichungu, alivitema. Nikavisaga nikavichanganya na asali ya Rungwa, akavilamba. Kila asubuhi tulikaa mama na mwana kwenye jua la uani, mimi nikimeza vyangu, yeye akilamba vyake. Tulilala nje, chini ya kibanda cha nyasi nilichokijenga kwa mikono yangu, nikipumzika kila baada ya fito mbili.

Nilikuwa na hasira. Siwezi kuificha, maana najua na ninyi mtakuwa nayo. Siku moja nilimwambia mama, "Vitu vyako vimemwingia mtoto kifuani." Halikuwa neno la kweli. Ugonjwa ulitoka kwangu, nami nilijua. Mama aliinua kopo lililokuwa miguuni kwake, akalifuta kwa upindo wa kanga, akaenda nalo ndani. Kwa siku nyingi baada ya hapo alizungumza na Neema tu. Jina la Salome halikutajwa. Salome alituma unga kwa mtu wa lori; mama hakuupika, aliuweka.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tulipofikiwa na habari ya kuhama.

Ulikuwa ule wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Wenye makazi yaliyotawanyika nje ya mji, kama sisi, tuliambiwa kijiji chetu kitakuwa umbali wa saa tatu kwa miguu, palipokatwa vichaka na kupimwa viwanja. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Yakobo, alipita nyumba kwa nyumba. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyefanya kazi reli pamoja na baba.

"Lori litakuja safari moja kwa kila nyumba," alimwambia mama. "Boriti zenu mtakwenda nazo, huko hakuna miti ya kutosha. Kwa hiyo paa litashushwa siku hiyo hiyo."

"Na vitu vyangu?"

"Shemeji, lori ni moja."

"Basi mimi nitabaki."

"Nyumba isiyo na paa utabaki nayo vipi?"

Mama aliingia ndani. Nilikuwa na wiki tatu kabla ya siku ya lori. Nilianza kutoa kitu kimoja kila asubuhi baada ya vidonge. Sikutupa. Nilikiweka juani mbele yake, nikamwuliza kilikotoka. Nilifanya hivyo kwa sababu ya maneno ya Mama Hadija, na kwa sababu sikuwa na nguvu za kufanya zaidi. Mwanzoni alikirudisha ndani bila neno. Kisha akaanza kusimulia. Hiki kilitupwa na mzungu mmoja wa daraja la kwanza. Hiki baba yako alikiokota mwaka uliozaliwa. Alikumbuka kila kimoja. Nilikuwa nimedhani anaokota bila kujali. Lakini baada ya kusimulia, alirudisha. Katika wiki tatu tuliacha nje vitu vinne.

Lori lilifika asubuhi, na vijana sita wa kijiji walikuja nalo. Mzee Yakobo alikuja pia. Mama aliingia chumba cha pili, akakaa chini kwenye kile kijia chake, akakunja miguu. Nilimwomba, Neema alimwomba. Mzee Yakobo alipiga magoti mlangoni, akamsihi kwa Kinyaturu, kwa lugha ya heshima anayotumia mtu kwa mke wa rafiki yake. Vijana walisubiri. Dereva alisema ana nyumba nyingine mbili kabla ya jioni.

"Shusheni paa," Mzee Yakobo akasema mwishowe. "Taratibu. Anzeni pembeni."

Wakapanda. Walikwangua udongo kwa majembe, na mavumbi yakaanza kushuka ndani kama unga kwenye kinu. Nilimfunika mama kwa kanga yangu, naye akaiondoa. Waliinua fito. Kisha wakang'oa boriti ya kwanza, na jua likaingia.

Halikuwa limeingia humo kwa miaka ishirini. Liliangukia ukutani, kisha kwenye makopo, kisha kwenye goti la mama. Vumbi lilisimama ndani yake bila kusogea. Boriti ya pili ikaondoka, na ya tatu, na mwanga ukawa mwingi mpaka hatukuweza kufumbua macho vizuri. Nilikaa chini karibu naye. Vijana juu yetu waliacha kazi. Nadhani na wao waliona. Magunia yalikuwa yameliwa na mchwa, yamebaki umbo tu. Matambara yalishikana yakawa udongo. Mizinga ilikuwa unga. Mama alinyoosha mkono akagusa gunia lililokuwa karibu, likaanguka lenyewe, na panya wadogo wasio na manyoya wakaonekana chini yake.

"Kumbe vilikwisha," akasema.

Kisha akaanza kusema, akitazama ukuta, kama mtu anayeendelea na mazungumzo yaliyoanza zamani.

"Kulikuwa na mwaka wa njaa. Wewe hujazaliwa. Salome alikuwa mkubwa kama huyu Neema, na nilikuwa na mtoto mwingine, Petro, ananyonya. Baba yenu alikuwa kazini mbali, upande wa Tabora. Tulikuwa na blanketi moja. Mtu akaja na mtama, akataka blanketi. Nikampa. Nilipika uji, Salome akala, akainuka. Baridi ikaja mwezi uleule. Petro alikohoa siku nne."

Sikuwahi kulisikia jina hilo.

"Nilimfunika kwa nguo zangu zote," mama akasema. "Hazikutosha. Kama ningekuwa na gunia tu. Gunia moja bovu, Lena."

Nilimshika. Alikuwa mwepesi, na mimi, niliyekuwa mfupa miezi mitatu kabla, niliweza kumwinua. Neema alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimejaa mavumbi. Akakohoa. Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akasimama, akakipita kila kitu, akambeba mtoto, akatoka naye akapanda lori. Hakuchukua chochote. Vyombo vya kupikia, majembe, vitanda na boriti nilivipakia mimi na vijana. Mzee Yakobo alilia, akijifanya anafuta mavumbi.

Ningependa kuwaambia kwamba alipona siku ile. Hakupona. Kule kijijini tuliishi chini ya kibanda cha matawi hadi mvua za kwanza, na kwa wiki nyingi mama hakuokota kitu. Alikaa tu, mikono imelala mapajani. Aliogopesha kuliko alipokuwa akiokota. Mvua zilipoanza nikamwona ameinama njiani akichukua kipande cha bati, na nitakiri kwamba nilifurahi. Tulipojenga nyumba, nilimwambia jambo moja: chumba chake ni chake, akijaze apendavyo, lakini chumba tunacholala mimi na Neema kitakuwa na dirisha, na dirishani hapawekwi kitu. Alikubali. Mara mbili nilikuta makopo dirishani. Niliyachukua nikampelekea mkononi, bila kusema, naye aliyapokea bila kusema. Kama una mzazi wa namna hii, nakushauri utafute dirisha lako moja, ulilinde hilo. Na usichome moto. Na usimwambie neno kama nililomwambia mimi, kwa maana mama alikufa miaka mingi baadaye na bado nalikumbuka.

Baada ya kupanda, nilipata lori la kwenda Mkiwa, nikamweleza Salome habari za blanketi. Alikuwa anamenya mayai. Aliacha kumenya, yai likabaki nusu mkononi.

"Uji ule niliula mimi," akasema.

"Ulikuwa mtoto."

"Najua nilikuwa mtoto." Akaliweka yai chini. "Naukumbuka, Lena. Siku zote nakumbuka uji fulani mtamu sana, sijui ulipikwa lini. Nilidhani ni ndoto."

Nilimwomba twende wote kwa mama. Akasema bado. Mume wangu, aliyekuwa ameacha kuandika tangu aliposikia neno kifua, alituma barua msimu ule kwamba amepata mke mwingine huko mkongeni. Niliisoma mara moja tu. Kulikuwa na palizi.

Vidonge tulivimeza msimu wa mvua, na kiangazi, na baridi ikaja tena na kupita. Masikio yalipunguza kuvuma, ingawa hata leo nikilala kwa upande wa kushoto nausikia ule uzi mwembamba. Nywele za Neema zilijaa. Siku zangu zilirudi bila kunipigia hodi, nikiwa nachota maji kisimani, nikacheka peke yangu. Mvua za pili ziliponyesha na kukatika, tuliitwa Manyoni kupigwa picha ya mwisho. Mganga aliiinua kwenye mwanga, ya kwangu na ya mtoto, akatuonyesha makovu, akasema tumemaliza. Nilimwomba arudie, naye akarudia.

Tulirudi kijijini siku ya pili, tumechoka, tumejaa vumbi la barabara. Nikamkuta Salome uani kwetu. Alikuwa amesimama, hajakaribishwa bado au hajathubutu kupiga hodi, kanga yake imefungwa vizuri kama ya mtu anayekwenda kanisani. Alikuwa amesikia kwa Mzee Yakobo kwamba ndiyo siku tunayorudi. Tangu moto ule, yeye na mama hawakuwa wameonana kwa karibu miaka miwili.

Mama alitoka mlangoni kwake. Salome akapiga goti.

"Shikamoo mama."

Mama alimtazama. Upepo ulikuwa unapita kwenye majani ya mtama, na Neema aliacha kuruka akasimama kutusikiliza.

"Marahaba," mama akasema. Kisha akaongeza, "Umekonda."

"Ni safari, mama."

"Ingia."

Tulimfuata chumbani kwake. Kilikuwa kimeshajaa kiasi cha kufika kifuani. Kitanda chenyewe kilikuwa chini ya makopo na vitambaa, na mama alilala pembeni kama mgeni. Salome alisimama kizingitini, hana pa kuweka mguu. Nilitaka kusema tukae nje kwenye jua, ni kuzuri, lakini mama alikuwa ameshainama. Aliondoa kopo moja, akalitia kwapani. Akaondoa la pili. Akakusanya vitambaa kwa mikono yote miwili, akatafuta pa kuviweka, akakosa, akatoka navyo mpaka uani, akaviacha chini kwenye udongo. Alirudi. Alikwenda na kurudi mara nyingi, anahema, na alipoona nataka kumsaidia alinikatalia kwa mkono. Hatukusogea. Kidogo kidogo ubao wa kitanda ukaonekana, kisha kamba zake, kisha nafasi ya mtu mmoja kukaa.

Mama aliifuta kwa kiganja chake.

"Kaa hapa, Salome," akasema.